Maneno Yaliyopanda Jabali

Ofisini walimwita Bomba. Walioajiriwa karibuni walidhani ni sifa, kwamba mama huyu wa stoo lazima alikuwa moto wa kuotea mbali enzi zake. Mmoja wao aliwahi kumsalimu, "Shikamoo Mama Bomba, jina limekukaa kweli!" Aliitikia marahaba na kuendelea kupanga karatasi zake. Hakumweleza kwamba bomba lenyewe lilikuwa la maji, la chuma, pana kiasi cha mtu mzima kupenya akitambaa, na kwamba lilipopasuka nyuma ya soko miaka tisa iliyopita lilikwenda na mguu wa mtu.

Kabla ya siku hiyo alikuwa mchora ramani, tena yule ambaye wenzake wakikwama walimpelekea karatasi na kumwambia, "Hebu tupe jicho lako." Ofisi yao ilitunza ramani za vitu vyote vilivyofukiwa chini ya jiji: mabomba, nyaya, mifereji ya zamani. Aliyetaka kuchimba popote alipita kwao kwanza. Alasiri moja, akipekua madaftari ya wapimaji waliotangulia, aligundua kwamba bomba kuu la nyuma ya soko lilishahamishwa hatua tatu kulia. Karatasi namba saba, aliyoichora kwa vipimo alivyopewa, haikuonyesha hivyo. Na wachimbaji walikuwa waanze kazi kesho yake. Akaandika dokezo la mistari minne: bomba limehamishwa, karatasi namba saba si sahihi, wasichimbe mpaka irekebishwe. Akaliweka mezani kwa mkuu wa kitengo, akaligandamiza kwa kikopo cha kalamu lisipeperuke, akaenda nyumbani.

Wakachimba. Bomba likapasuka, ukuta wa mtaro ukaporomoka, na mchimbaji mmoja akatolewa hai, lakini mguu wake wa kushoto ukiwa umesagika.

Mbele ya kamati ya uchunguzi, Mkuu alikunja mikono kifuani akasema kwa sauti ya upole, "Mimi sijaona dokezo lolote. Labda alinuia kuliandika." Neno hilo, alinuia, ndilo lililommaliza. Hakuwa na nakala, na sahihi ya mchoraji chini ya karatasi namba saba ilikuwa yake. Akanyang'anywa meza ya kuchorea, akateremshwa stoo, chumba cha chini ya ardhi ambacho dirisha lake lilikuwa usawa wa njia ya waenda kwa miguu. Kwa miaka tisa aliwajua wapita njia kwa viatu vyao.

Hilo la stoo aliweza kulimeza. Lililomkaa kooni ni jingine. Wiki ile ya ajali alikwenda hospitali kumwona mchimbaji, na yule bwana, alipoambiwa ni nani aliyekuja, aligeuza uso ukutani. Mkewe akasema taratibu, "Mama, naomba utoke." Akatoka na mfuko wake wa machungwa. Tangu siku hiyo kila alipomsikia Mkuu akicheka kwenye ngazi juu ya kichwa chake, alikuwa akiuma meno mpaka taya zinamuuma.

*

Mkuu alipokaribia kustaafu, Karani wa kitengo aliteremka stoo akiwa na kalamu sikioni.

"Mama Bomba, kamati ya kumuaga Mkuu imekutaja."

"Kwa zuri au kwa baya?"

"Anataka sherehe ifanyike rasini. Unajua hadithi yake, kwamba ile rasi aliipima yeye, jiwe kwa jiwe, akiwa na miaka ishirini na mitano. Sasa sisi hatujui hata gari linafika wapi. Ramani za huko unazo wewe."

"Ninazo," alisema Bomba. "Nitakwenda kutazama."

Jumamosi hiyo alipanda basi hadi kituo cha mwisho. Miaka arobaini ameishi katika jiji lile na hajawahi kufika rasini. Ilikuwa mahali pa kuonyeshwa kwa kidole kutoka ghorofani, kidole cha nchi kilichochomoza baharini. Kulikuwa na lango, mlinzi na daftari la kuandika majina. Kutoka hapo barabara ya lami ilipanda kwa magari hadi uwanja wa juu wenye vyuma vya kuzuia watu wasianguke, na njia ya miguu ikazunguka ubavuni.

Alishika ya miguu. Upepo ulimpokea kwa kofi. Majani yalikuwa yamelalia upande mmoja yote, kama nywele zilizochanwa, na chini yake mwamba ulikuwa umekatika wima, tabaka la kahawia juu ya tabaka jeupe, mpaka kwenye maji yaliyokuwa yakichemka bila moto. Ndege weupe walitagia katika nyufa na kumpigia kelele kama wenye nyumba. Alipozunguka kona ya mwisho alilikuta jiji lote ng'ambo ya ghuba, yale majengo ya vioo yanayomfanya mtu aumie shingo kuyatazama, sasa yote yangeingia katika kiganja. Alilitafuta jengo la ofisi yao. Aliliziba kwa ukucha wa kidole gumba, akalifungua, akaliziba tena.

Alikuwa amebeba ramani ya zamani, ile ya Mkuu, na mkono wa kazi hausahau. Kabla ya saa sita alikuwa ameshaisahihisha kwa penseli mara sita. Njia iliyoandikwa kuwa ipo haikuwapo. Pango lililokuwapo halikuandikwa. "Jiwe kwa jiwe," alisema kwa sauti, akacheka peke yake.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Akajiambia ni kwa ajili ya sherehe.

Jumamosi ya tatu alikuwa amekaa kwenye benchi la uwanja wa juu, akimenya chungwa, aliposikia mwanamke akisema karibu kabisa na sikio lake, "Mama yako ndiye anayekuendesha, wewe ni tela tu!"

Alishtuka, chungwa likamponyoka. Hakukuwa na mtu. Sauti ya mwanamume ikajibu, safi, kila herufi mahali pake, "Usimtie mama yangu humu." Bomba aliinuka, akainama juu ya vyuma. Chini kabisa, kwenye bapa la mwamba lililojitokeza juu ya maji, walisimama watu wawili wadogo kama njiti, wakirushiana mikono. Pale ukuta wa jabali ulikuwa umebonyea kama bakuli lililosimamishwa, na lolote lililosemwa ndani ya bakuli lilipanda moja kwa moja mpaka benchini.

Akawaita, "Habari zenu!" Hawakuinua hata kichwa. Huko chini mawimbi yalikuwa masikioni mwao.

Bomba alikaa tena. Wazo halikumjia kidogo kidogo. Lilimjia zima, likiwa limeshavaa na viatu. Alihisi joto likipanda kifuani, joto alilokuwa amelisahau, la kazi nzuri inayoanza.

*

Mume wake alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache na macho makali. Jioni hiyo aligeuza viatu vya mkewe chini ya taa ya meza.

"Mke wangu, soli hizi hazikuliwa na lami. Zimeliwa na mawe."

"Natembea."

"Kila Jumamosi, na unarudi unaimba. Kama kuna bwana huko, niambie nimtengenezee viatu, maana naye atakuwa anaumia."

Bomba akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamweleza yote. Fundi hakucheka. Alipaka gundi, akabana soli kwa vidole, akasubiri ishike.

"Na akikana?"

"Hatakana. Atadhani tuko wawili tu."

"Na wewe ukishamaliza, utakuwa nani? Maana miaka tisa nimelala na wewe na yeye, kitanda kimoja."

"Nitajua nikimaliza."

Fundi aliweka kiatu chini. "Jumamosi ijayo tukapime basi. Kazi isiyopimwa mimi siiamini."

Wakaenda. Fundi akakaa benchini na Bomba akazunguka kwa njia ya ubavuni, mwendo wa robo saa, mpaka kwenye bapa. Akasimama ndani ya bakuli, akauelekea ukuta. Hakujua aseme nini, kwa hiyo alisema lililokuwa karibu: kwamba mumewe anakoroma kama mashine ya kusaga, na kwamba lile koti lake la kahawia analolipenda ndilo lililomfanya yeye Bomba akatae kwenda naye harusini mwaka jana, wala hakuwa na homa.

Aliporudi juu Fundi alikuwa amenuna.

"Koti lina kosa gani?"

Walipima mara tatu. Maji yakijaa, mawimbi yalipiga jabali na kuyasaga maneno. Maji yakitoka, maneno yalipanda kama yalivyo. Bomba akafungua jedwali la maji kujaa na kupwa, kitabu kilichokuwa stoo kwake bila mtu kukigusa, akatafuta Jumamosi ambayo bahari ingekuwa imerudi nyuma kabisa saa nne na nusu asubuhi. Tarehe hiyo ndiyo aliyompelekea Karani.

"Hewa itakuwa nzuri siku hiyo," alimwambia. Karani akaandika.

Kukabaki mtu mmoja. Mchimbaji siku hizi alichonga funguo kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa benki, mkongojo wake umetundikwa msumarini. Bomba alisimama mbele yake mpaka mteja akaondoka.

"Mimi ndiye Bomba," alisema. Hakujua namna nyingine ya kujitambulisha.

Mchimbaji aliendelea kupiga tupa. Unga wa shaba ulimwangukia kwenye paja. "Nakujua. Unataka nini?"

"Mkuu anaagwa. Nataka uje."

"Nimuage mimi? Nimwambie nini, asante kwa mkongojo?"

"Usiseme kitu. Gari litakufikisha hadi juu. Kaa kwenye kiti usikilize. Ukiondoka hujasikia la maana, nitukane mbele ya wote, sitajibu."

Alipuliza ufunguo, akautazama mwangani. "Gari lije saa mbili na nusu," alisema. "Sipendi kusubiri."

*

Siku yenyewe hewa ilikuwa nzuri kweli. Watu wa kitengo walifika ishirini na watatu, wengine na waume zao au wake zao. Bomba alikuwa ameshapanga viti tangu saa mbili: mistari miwili, imeelekea bahari, ule wa mbele hatua moja tu kutoka kwenye vyuma. Keki ilikuwa mezani chini ya kitambaa. Mchimbaji alikaa kiti cha mwisho, na kila aliyemtambua aliangalia pembeni. Mke wa Mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, ndiye pekee aliyemwendea na kumpa mkono.

Mkuu alikuja na kofia mpya. Alizunguka akionyesha kwa fimbo: pale nililala kwenye hema, pale niliponea chupuchupu. Alipomwona Bomba alitabasamu kama mtu anayemgawia mwombaji.

"Mama Bomba! Naambiwa wewe ndiye uliyepanga haya yote."

"Nimefanya nilichoweza, Mkuu." Akainamisha kichwa. "Kuna kitu nimekiona huko chini, kwenye bapa. Pini ya chuma ya upimaji, imepigiliwa kwenye mwamba, na herufi mbili. Nadhani ni zako."

Uso wa Mkuu ulifunguka. "Ipo? Mpaka leo?"

"Ipo. Sikutaka mtu mwingine aione kabla yako."

Hapo alimpata. Mtu aliyevikwa vilemba vya ukoka maisha yake yote hakatai kimoja zaidi. Akampa mkewe kofia, akasema, "Dakika thelathini, msikate keki bila mimi," akamfuata. Walipokuwa wakiondoka Bomba alimtazama Fundi. Fundi alijikuna pua. Maana yake, nimeelewa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuinua kidole maneno yatakapoanza kufika. Mengine wangefanya wenyewe. Watu wa ofisi wakisikia mtu anasemwa, hakuna haja ya kuwaomba wanyamaze.

Pini ilikuwapo kweli, haukuwa uongo. Mkuu alipiga magoti juu ya bapa akaifuta kwa leso, akapitisha kidole kwenye herufi. Maji yalikuwa mbali chini yao, yakinong'ona. Kwa kitambo Bomba alimwona jinsi alivyokuwa, mzee mwenye magoti yanayolia, anafuta jina lake. Alilisukuma jambo hilo pembeni haraka, akasimama ndani ya bakuli.

"Mkuu," alisema, "unaondoka. Naomba nikuulize neno, tuko wawili tu."

"Uliza, mama. Leo siku njema."

"Lile dokezo langu. La bomba la nyuma ya soko. Uliliona?"

Mkuu alikaa kitako kwenye mwamba, akanyoosha miguu. Kisha akacheka, kicheko kile kile cha kwenye ngazi.

"Bado unalo hilo?"

"Nataka kujua tu kama mimi ni kichaa."

"Kichaa kwa lipi? Nililisoma. Nililisoma mara mbili. Wewe una mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao, nilikuwa nawaambia hata hao wengine."

Bomba aliuliza taratibu, kama anayeshika kikombe kilichojaa. "Kwa nini hukuwasimamisha?"

"Niwasimamishe halafu niseme nini? Karatasi namba saba niliidhinisha mimi. Wakubwa wangeuliza nani aliyekupa vipimo vya zamani. Ni mimi. Nikafikiri, hatua tatu, huenda wasiliguse."

"Wakaligusa."

"Wakaligusa. Bahati mbaya."

"Na dokezo ulilichana?"

"Hata!" Sasa alikuwa anajifurahisha, ana hadithi ya kuchekesha na mtu wa kumsimulia. "Meza yangu ilikuwa inacheza mguu mmoja, unakumbuka? Nililikunja mara nne nikalisukumia chini. Imetulia mpaka leo. Kwa hiyo usiseme hukuisaidia ofisi."

"Na yule mchimbaji, Mkuu? Hukumfikiria hata siku moja?"

Mkuu aliokota kokoto, akaitupa majini. "Mama, wachimbaji wapo wengi. Mkuu wa kitengo ni mmoja. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na ungekuwa wewe ungefikiri hivyo hivyo. Hata mke wangu alinisumbua mwezi mzima, mrudishie huyo mama kazi yake, mrudishie. Nikamwambia ulikuwa unakuja kazini umelewa. Akanyamaza. Haya, niinue, magoti haya."

Akanyoosha mkono. Bomba aliutazama mkono ule. Kisha akaushika, akamwinua, kwa sababu alitaka afike juu mzima.

*

Njia nzima ya kupanda Mkuu aliongea kuhusu ndege. Bomba alitembea nyuma yake, na kila hatua ilikuwa tamu. Hajawahi kuonja kitu kitamu vile. Alizihesabu kona, mbili zimebaki, moja imebaki, na akataka hata njia iwe ndefu zaidi.

Uwanja ulikuwa kimya. Watu wote walikuwa wamekaa mikono mapajani kama wanaosubiri daktari. Karani alishika hotuba aliyoiandika kwa wiki mbili, ameibana mpaka imekunjamana. Mkuu alifika akihema, meno nje.

"Mbona mmepoa? Keki imeliwa?"

Akamtazama huyu, akamtazama yule. Aliyemtazama alishusha macho. Wakati huohuo watalii wawili wakawa wamefika kwenye bapa, na sauti ya mmoja ikapanda katikati ya kimya, kana kwamba amekaa kwenye kiti cha mbele: "Nipige picha hapa, lakini tumbo lisionekane."

Mkuu aligeuka kuelekea sauti. Akaenda kwenye vyuma, akachungulia chini. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Nilikuwa natania," alisema. "Mimi na Mama Bomba tulikuwa tunataniana tu."

Mkewe aliinuka. Alikuwa bado ameishika ile kofia mpya; aliiweka kwenye kiti kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine. "Amelewa," alimwambia. "Ulisema anakuja kazini amelewa. Nikawa nikimwona njiani navuka barabara." Akamgeukia Bomba, akamwinamishia kichwa. Akaenda kwenye gari la ofisi, akakaa mbele, akamwambia dereva, "Twende." Dereva alimtazama Mkuu, akamtazama mama, akawasha gari.

Mkuu aliondoka kwa miguu. Ni mteremko wa nusu saa hadi langoni, na kutoka uwanjani unamwona mtu kipande kirefu. Bomba alimtazama mpaka mwisho. Angekuwa tayari kulipa kiingilio.

Ndipo akamkumbuka mchimbaji.

Hakuwa ametikisika. Mkongojo ulikuwa umelazwa mapajani. Bomba alimwendea, na uso wake, kama alivyokuja kukiri baadaye kwa Fundi, ulikuwa unasubiri kushukuriwa.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia. Lile dokezo uliliandika saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

"Sisi tulianza kuchimba kesho yake saa tatu asubuhi."

"Ndiyo."

"Kutoka ofisini kwenu hadi nyuma ya soko ni mwendo gani kwa miguu? Wewe ni mtu wa ramani."

Bomba alijua. Alijua bila kufikiri, jinsi wengine wanavyojua umri wao. "Dakika kumi na mbili."

"Dakika kumi na mbili," alisema mchimbaji. Hakupaza sauti. "Ulijua jioni, ukalala, ukaamka, ukanywa chai. Saa tatu sisi tuko shimoni. Yeye alikunja karatasi. Wewe je, ulikunja nini?"

Watu walisikia. Bomba alifungua mdomo aseme kwamba haikuwa kazi yake, kwamba utaratibu ni dokezo, kwamba mkuu ndiye anayesimamisha. Yote yalikuwa kweli, na alikuwa ameyasema kwa kamati miaka tisa iliyopita, neno kwa neno. Akafunga mdomo. Fundi alikuja akasimama pembeni yake, hakumshika.

"Sikwenda," alisema mwishowe. "Sikufikiria kwenda."

Mchimbaji alitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu aliyepewa ufunguo akaona meno yake ni sahihi. Akaomba apelekwe nyumbani.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi Karani na wenzake wawili waliinua meza ya Mkuu. Karatasi ilikuwa pale, imekunjwa mara nne, imebanwa ikawa ngumu kama ubao. Mistari minne, tarehe, na pembeni alama ya kalamu nyekundu, ile Mkuu aliyozoea kuweka akishasoma. Karani aliteremka nayo stoo kwa mikono miwili.

Kamati mpya iliundwa. Siku ya tano Mkuu alikuja nyumbani kwa Bomba, saa kumi jioni, bila kofia. Alisimama mlangoni pa kibanda cha Fundi akaomba aandikiwe barua tu, kwamba maneno ya rasini yalikuwa utani wa wazee. Alisema mkewe amehamia kwa dada yake. Alisema ana shinikizo la damu.

"Pole," alisema Bomba, na hakumkaribisha kiti.

"Mama, mimi ni mtu mzima, nimekuja mwenyewe."

"Nimekuona. Umekuja mara moja. Mimi nimepita mbele ya mlango wako miaka tisa."

Fundi alipiga msumari kwenye kisigino, ko, ko, mpaka mzee akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Usiku huo Bomba alilala vizuri. Hilo hakulificha kwa mtu yeyote.

Lakini kesho yake alikwenda kwenye kibanda cha funguo na kalamu na karatasi. Kamati ilitaka maelezo ya mchimbaji, naye hakuwa mtu wa kuandika.

"Sijakusamehe," mchimbaji alimwambia kabla hajakaa.

"Sijaja kwa hilo. Sema, niandike."

Akavuta kopo la rangi lililogeuzwa, akaketi. Mchimbaji alisema na yeye akaandika: mtaro, saa, maji yalivyokuja, sauti ya ukuta. Walipofika kwenye dakika kumi na mbili mchimbaji alimtazama kama ataziruka. Aliziandika, pamoja na jina lake kamili. Baadaye zilimletea barua ya onyo, siku ile ile aliporudishiwa meza ya kuchorea. Alizipokea zote mbili na kutia sahihi.

Mkuu alistaafu bila hati ya heshima, na kesi ya mguu ikafunguliwa upya ikiwa na jina lake juu.

Asubuhi ile ya kibandani hawakuyajua hayo bado. Wateja walisubiri, mchimbaji akawaambia warudi baadaye.

"Ongeza kwamba alikuwa anacheka," alisema.

"Nimeshaongeza."

"Alicheka mara ngapi?"

Bomba alifikiri. Alitaka iwe sahihi. "Pale chini, mara moja. Akaendelea kutabasamu."

"Andika na tabasamu," alisema mchimbaji, akamsogezea karatasi nyingine.